Naomba ushauri: gazeti lilelile kwenye vichekesho vya Kimarekani

Habari zenu wakuu. Naandaa video fupi kuhusu vifaa vya seti vinavyorudiwarudiwa kwenye vichekesho vya zamani vya televisheni Marekani. Nimeanza na lile gazeti la kuigizia lenye picha ya msichana mwenye nywele nyeusi. Al Bundy analisoma kwenye Married... with Children (1987–1997), halafu unalikuta tena Modern Family, iliyoanza 2009! Linachapishwa na Earl Hays Press ya California, ili watayarishaji wasihangaike kuomba ruhusa ya kuonyesha gazeti halisi. Wajanja kweli hawa.

Nilipokwama ni hapa: nimesimamisha video na kulinganisha kurasa, ila nakala nilizonazo za vipindi vya zamani zina ukungu na maandishi hayasomeki. Kuzikuza kwa programu ya simu ndiyo kumeharibu zaidi.

Je, niangalie nini ili niwe na hakika ni ukurasa uleule: mpangilio wa safu, matangazo, au picha peke yake yatosha? Na kuna anayejua kichekesho cha kabla ya 1987 ambamo gazeti hili linaonekana vizuri? Hata mkinitajia msimu na sehemu tu, nitaitafuta mwenyewe.