Mtafiti wa chuo cha kilimo asipokewe mara ya pili kabla ya kuleta majibu ya kwanza. Mwaonaje?

Mwenye Minazi (Gede, Malindi)
Vyuo vikuu vya kilimo vina mabingwa wa kila namna: wa wadudu, wa udongo, wa mbegu, hadi wa uchumi wa shamba. Huja kwetu na wanafunzi wao, wakahesabu vidaka, yaani nazi changa, vilivyoanguka chini ya minazi, wakajaza fomu, wakaenda zao. Mimi sipingi utafiti. Nasema kaunti za Kilifi na Lamu zimkatae mtafiti akija tena ilhali matokeo ya kwanza hajayaleta barazani, kwa Kiswahili.

Kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Mtafiti hutakiwa kujitambulisha kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu kabla ya kuanza, na mwishowe kupeleka nakala ya ripoti huko huko NACOSTI, Nairobi. Mwenye shamba yuko wapi hapo?

Chukueni maji moto, wale chungu (sisimizi) wakali wa mitini. Wagema hawataki hata kuwasikia, na wana haki yao: ukipanda mnazi wenye viota vile vya majani yaliyoshonwa, utashuka shingo na kwapa zawaka. Basi watu huvichoma. Kumbe chungu hao ndio wanaomwinda kunguni wa minazi anayefyonza vidaka hata vikapukutika kabla ya kuwa madafu. Hayo yalichunguzwa Unguja miaka ya 1950 na Mwingereza aitwaye Way, na kunguni mwenyewe akapewa jina lake, Pseudotheraptus wayi. Jina la mtafiti limeshafika vitabuni. Gede bado twachoma viota.

Mhadhiri wa Wadudu
Mzee wangu, nimekusoma, lakini mzigo huu unautua begani pasipo pake. Sisi hupandishwa cheo kwa makala za majarida na kwa wanafunzi wa uzamili tuliowasimamia wakamaliza. Kikao chini ya mwembe hakimpandishi mtu. Tena ugani, yaani kuwaelimisha wakulima shambani, ni kazi ya kaunti kwa Katiba ya 2010, na tangu 2013 maafisa wa kilimo wako huko.

Halafu maji moto si dawa ya kupulizia. Penye wale chungu wadogo wa ardhini, Pheidole, maji moto hufukuzwa. Na maji moto wenyewe hufuga vidugamba, wadudu wadogo wafyonzao miti, mtini kwa ajili ya utomvu wao mtamu. Nikiwaambia msichome, mwakani vidaka vikaendelea kuanguka, mtasema profesa ametudanganya.

Muuza Maembe
Mimi sina minazi, nina miembe michache upande wa Msabaha. Mwaka 2014 Kenya ilijisimamishia kuuza maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, yule aliyeonekana nchini mara ya kwanza 2003. Sisi hatukuambiwa na mtu. Tulichoona ni madalali kutaka embe apple kwa bei ya kutupa, wakisema maembe yetu mabovu. Aliyekuja kutueleza ni msichana mmoja aliyekuwa akifanya utafiti wake wa chuo. Alirudi alipomaliza, akapasua embe lililoanguka, akatuonyesha mabuu ndani, akasema msiyaache chini: mabuu hutoka, hujichimbia mchangani na kugeuka nzi wapya. Yafungeni ndani ya gunia la plastiki, myaanike juani. Asubuhi moja tu, na hakulipwa. Kwa hiyo mwalimu asiniambie haiwezekani.

Mpeketoni Pamba
Nyinyi Malindi mwalalamikia wageni waliozidi! Huku Lamu tunalima pamba na ufuta, na mtafiti tungempata tungemchinjia mbuzi. Ukimtajia mtu wa bara Lamu, anakumbuka mashambulizi ya 2014. Ongezeni sharti jingine, muone kama hatutabaki na wauza dawa wa dukani kuwa ndio maprofesa wetu. Kwangu mimi aje, hata asiporudi.

Nilisoma Morogoro
SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, imekuwa chuo kamili tangu 1984, na ukimuuliza mtu wa kawaida pale mjini wanachofanya huko, atakutajia panya buku wa shirika la APOPO wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Tusijidanganye lakini, darasani ni Kiingereza kama kwenu, na tasnifu hukaa maktaba. Mimi ningeacha kibali kama kilivyo, nikagusa alama. Mwanafunzi asimame mbele ya wakulima aliowahoji, msimamizi wake akiwepo, na kikao hicho kihesabiwe kwenye mtihani wake. Hapo hata Chuo Kikuu cha Pwani, kilicho Kilifi hapo palipokuwa taasisi ya kilimo, hakitahitaji kusukumwa na kaunti.

Mwenye Minazi
La alama nimelipenda. Ila mwalimu, utafiti wa msimu mmoja kama si jibu, njoo utwambie hivyo hivyo kwamba si jibu. Sisi si watoto, mvua hutudanganya kila mwaka na bado twapanda.

Mhadhiri wa Wadudu
Na mafuta ya gari nani atalipa?

Muuza Maembe
Ulipokuja kuchukua sampuli yalilipwa na nani?

Mhadhiri wa Wadudu
Mfadhili. Bajeti yake ilikuwa na safari za kukusanya, ya kurudi haikuwamo.

Mpeketoni Pamba
Basi hilo ndilo la kudai kwa kamishna: aulizie safari ya kurudi siku ile ile anayoonyeshwa kibali. Na Lamu iwemo.