Naomba ushauri: Mbeya hadi Dar na gari ya umeme, navigesheni haijui njia yetu

Wakuu habari zenu. Nipo Mbeya, nina gari ya umeme ya mtumba toka Japani, betri ya kWh 40, mjini na Tukuyu naenda nayo bila presha. Sasa mwezi ujao nataka nimpeleke mama kliniki Dar, kama km 830 hivi.

Shida ni kupanga safari. Navigesheni ya gari ina ramani ya Japani tu, ya simu inanihesabia kama natembelea petroli. Nimejaribu A Better Routeplanner, programu ya kupanga safari za gari za umeme, hii angalau inaangalia miinuko, spidi na uzito, ila vituo vya kuchaji njia hii sivioni vya kutegemea kwahiyo nimejiwekea mwenyewe Makambako, Iringa, Mikumi na Morogoro, nichajie soketi za gesti, na soketi ya kawaida inatoa kilowati 2 na kitu tu, betri tupu mpaka ijae ni masaa zaidi ya 15, na mama hawezi kukaa njiani siku nyingi.

Kinachonitisha zaidi ni mlima Kitonga, kati ya Mikumi na Iringa, wakati wa kurudi. Kushuka najua mota inarudisha umeme kwenye betri, lakini kupanda na mizigo je? Kwenye programu niweke akiba ya asilimia ngapi nikitoka Mikumi? Na kuna gesti gani Iringa au Mikumi wanakubali mtu achaji usiku, waya zao zinahimili? Yuniti nalipa bila shida.