Wiki 10 nameza dawa ya thairoidi bure, kliniki wananiangalia tu!

Wakuu, salamu baadaye. Leo nina hasira.

Nina ujauzito wa wiki 17. Tezi yangu ya thairoidi ni vivu, huu mwaka wa nne, na kwenye kadi ya kliniki imeandikwa ukurasa wa kwanza kwa kalamu nyekundu. Nilianza kliniki wiki ya 7. Nikauliza: hii livothairoksini (ndiyo dawa yangu ya homoni ya tezi) niitumieje sasa? "Endelea kama kawaida, mama." Nikapewa na vidonge vya kuongeza damu, haya, anayefuata! Basi mimi na akili zangu nikawa navibugia vyote pamoja kila asubuhi, glasi moja ya maji, najiona mjamzito wa mfano.

Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Nikawa nasinzia nimekaa. Kila nikisema, naambiwa ndiyo mimba hiyo.

Juzi nikaangukia kwa daktari mwingine. Kapima TSH, ile homoni ya kwenye damu inayopanda tezi ikiwa vivu au dawa isipotosha: 9.4. Kwa sisi tulio kwenye dawa wanataka iwe chini ya 2.5! Akauliza swali moja tu: "Vidonge vya damu unameza saa ngapi?" Nilipomjibu akavua miwani.

Kumbe madini ya chuma yanaikamata ile dawa humo humo tumboni, haifiki yote kwenye damu. Inatakiwa zipishane angalau saa 4, na kalsiamu ni hivyo hivyo. Kumbe tena mimba ikiingia dozi huwa inapandishwa, wengi robo hadi nusu ya ile ya zamani, mapema kabisa, halafu TSH inapimwa kila wiki 4 hadi katikati ya mimba. Mimi nimepimwa mara ngapi? Sifuri. Mkojo ndiyo nimetoa mpaka basi.

Tezi ya mtoto huanza kazi kwenye wiki ya 12 hivi. Kabla ya hapo anategemea homoni ya mama, na ubongo unajengwa wakati huo huo. Hapo ndipo roho inaponiuma. Nimerudi kuwauliza, najibiwa: "Sasa mbona hukuuliza?" NILIULIZA!

Dozi imeshapandishwa. Livothairoksini nameza alfajiri tumbo tupu, ya damu usiku. Mliopitia hili, TSH yenu ilichukua muda gani kushuka? Na wale wa "punguza presha dada", leo mnipite.