Mtoto kamaliza chanjo zote, homa imepanda: antibayotiki ya nini?

Kibatari: Wakuu, zamani mtoto wa chini ya miaka 3 akifika nyuzi 39 bila dalili nyingine, daktari alikuwa na haki ya kuogopa. Bakteria kama Hib au nimokokasi akiingia kwenye damu, mara homa ya uti wa mgongo. Chanjo zimepunguza hayo mno. Sasa kwa nini aliyekamilisha bado anatolewa damu na kupigwa sindano ya antibayotiki papo hapo? Naona ni mazoea. Na kina mama wa siku hizi nao, mtoto akitoka jasho tu, mbio mapokezi.

MamaPacha: Nilikuwa nakuelewa mpaka hapo mwisho. Kina baba homa ya usiku haiwahusu? Wewe unapimaje joto la mwanao, kwa kiganja cha mkeo?

Kibatari: Dada, hilo la pembeni. Jibu hoja.

MamaPacha: La pembeni mbona umeliandika?

SindanoKavu: Chanjo zenyewe geresha. Ya nimokokasi walitoa ya aina 7, wakaja na ya 13. Ingekuwa inafanya kazi, wangeongeza za nini?

NesiZamu: Sindano, umedaka nusu. Nimokokasi ana aina zaidi ya 90. Ile ya mwaka 2000 kule Marekani ililenga 7 zilizokuwa zikiwaumiza watoto zaidi, na zikapungua kweli, hata kwa wazee ambao hawakuchanjwa. Kisha aina iitwayo 19A, ambayo haikuwemo, ikajitwalia nafasi. Ile ya aina 13, ya 2010, ikaijumuisha. Hib ndiyo usiseme, wauguzi wapya wengi wanaisoma vitabuni tu.

Kibatari, kwako: kwa homa isiyo na chanzo siku hizi anayeongoza ni E. coli, bakteria wa utumbo, akiingia kwenye mkojo, na kadi ya chanjo haimhusu. Kwa hiyo mkojo uchukuliwe kwanza. Antibayotiki ikitangulia, ukiuotesha maabara huenda usiote kitu, mkabaki mnabahatisha. Ila wa chini ya miezi 3 ni habari nyingine kabisa. Hajapata dozi za kutosha, na bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi B anaweza kumpata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Huyo ni hospitali, hata kama anacheka.

MamaPacha: Kwa mama tena! Leo hata bakteria ni kosa letu.

NesiZamu: Bibie, sijasema kosa. Mama anaye bila kuumwa wala kujua.

Msafiri_77: Mimi nilibishana na daktari mmoja kuhusu sindano, akaniuliza nimesomea wapi. Kiburi hicho ndicho mjadala wenyewe.

Kibatari: Asante Nesi, ndicho nilichosema, upimwe mkojo tu.

Msafiri_77: Mkojo umeutaja wapi? Pandisha juu usome ulichoandika.

Kibatari: Maana yake ilikuwa hiyo, mkuu. Usinifanye mtoto.

SindanoKavu: Na hiyo 19A nani kaileta, kama si chanjo?

NesiZamu: Ilikuwepo kabla. Soma tena.

Tumaini: Samahani, wangu ana miezi 7, alikosa dozi ya tatu. Anahesabika kamaliza?

NesiZamu: Hapana dada. Mpeleke akamalizie, haanzi upya. Akipata homa kabla ya hapo, mtaje kama hajakamilisha.

Kibatari: Hapo sasa mnahama mada.

MamaPacha: Mada ilihama zamani, baba.