Mashine moja ya kazi zote au ninunue ya kukereza peke yake? Nipo Dodoma, karakana ya nyumbani

Mbao_Kavu
Wakuu habari za jioni. Nipo Nzuguni, ni mtumishi, ufundi nafanya jioni na wikiendi. Nyuma ya nyumba nimepiga kibanda cha bati, mita tatu kwa nne hivi, sakafu zege. Nina randa ya mkono, keekee na msumeno wa umeme wa mkononi, mgongo umeshachoka. Nataka kutengeneza stuli, miguu ya vitanda, vifimbo vya chapati na baadae mabakuli ya mninga. Kuna jamaa anauza mtumba mashine moja ya kazi zote, inapasua, inaranda, inatoboa na kukereza (yaani mbao inazunguka unaichonga kwa patasi iwe duara), vyote mota moja. Kwa hela hiyohiyo napata msumeno mdogo wa meza pamoja na mashine ya kukereza peke yake, kuranda nibaki na mkono. Umeme wangu fezi moja. Mngekuwa nyie?

Fundi Nkuhungu
Achana na ya kazi zote mkuu. Nimekaa nayo miaka minne najua ninachosema. Shida sio nguvu, shida ni kugeuzageuza. Nilikuwa na kitanda cha mteja, nimepasua miguu minne nimeranda nikageuza mashine nianze kukereza, mguu wa nne patasi ikadaka ukapasuka katikati. Sasa kurudi kupasua mwingine lazima nitoe chombo cha kukerezea, nirudishe meza, nifunge blade, nitafute tena kipimo kilekile, na kipimo hakirudi bana. Mguu ulitoka mwembamba milimita tatu, kwa macho huoni lakini ukipitisha kidole unauona. Mteja alipitisha kidole.

Mpwapwa Kwetu
@Fundi Nkuhungu pole ila hapo kosa ni la kwako sio la mashine 😂 ukihitaji minne pasua mitano, mi hata sita napasua. Kwenye kibanda cha mita tatu kwa nne mashine tatu zikae wapi, na mbao ya futi nane utaisukumia wapi ukishajaza vyuma? Mi ninayo ya kazi zote, nimeifunga matairi, nikitaka kupasua naiburuza mlangoni mbao itokee nje. Kazi napanga kwa siku, Jumamosi kupasua na kuranda tu, Jumapili baada ya ibada nakereza, sigeuzi zaidi ya mara moja. Tena usidharau kuranda kwa mashine, mbao za huku unazonunua zimeshapinda, hizo paina za Mafinga ndo usiseme.

Waya Mbili
Mi niongelee umeme maana watu mnausahau. Mota ya hp 3 ni kama kilowati 2.2 hapo kwenye shafti, kwenye fezi moja inavuta ampia 14 hivi ikiwa na mzigo, na inapowaka ile mara ya kwanza inavuta mara tano mpaka saba ya hapo kwa sekunde chache. Ukichomeka kwenye soketi ya sebuleni kwa ekstensheni nyembamba ya mita 30 mota itaguna haizunguki, afu utasema umeuziwa mbovu. Vuta laini yake toka kwenye meni swichi, waya wa milimita za mraba 2.5 kama ni karibu, mbali weka wa 4, na breka yake. Muulize pia huyo jamaa kama mota ni fezi moja kweli, mitumba mingi ya kiwandani ni fezi tatu.

Babu wa Kinu
Wanangu hamjambo.

Mpwapwa Kwetu
Hatujambo mzee shikamoo.

Babu wa Kinu
Marahaba. Hizi za kazi zote ziko aina mbili, msizichanganye. Kuna zile nzito za kiwanda, na kuna za nyumbani kama Shopsmith ya Marekani ambayo ipo tangu miaka ya 1940, hiyo ni kerezo lenyewe ndo linageuka kuwa msumeno na keekee. Niliitumia moja miaka mingi, aliiacha mmisionari. Nzuri kwa miguu ya stuli, ila mwendo wake wa chini kabisa ni mizunguko 700 kwa dakika. Hesabu niliyofundishwa ni hii, kipenyo kwa inchi zidisha na mizunguko, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Kifimbo cha inchi 2 kinapenda 3,000 na kitu. Bakuli la inchi 12 linataka 500 mpaka 750, na gogo halijawa duara bado, halina mizania, unaanza chini ya hapo. Ukilianzisha na 700 mashine inatembea yenyewe kama mbuzi aliyekatika kamba. Na ya kwangu ilikuwa ya volti 110 na hezi 60, kwa transfoma ilifanya kazi lakini kwenye hezi 50 zetu mwendo unapungua sehemu moja ya sita. Kwa kukereza ikawa nafuu, ila mota ilikuwa inachemka, nikawa napumzika nayo kila baada ya nusu saa. Muulize muuzaji mwendo wa chini ni ngapi. Akikwambia hajui, hajawahi kukereza bakuli.

Mama Vifimbo
Babu kaongea. Mi nipo Kibaigwa, nina ya kukereza tu, alinichomelea fundi, kitanda chake, yaani fremu ndefu inayobeba mashine, ni chuma cha U, beringi mbili, puli ya ngazi nne ya kubadili mwendo na mota ya hp 1. Mbao napasuliwa mashineni kwa watu, nalipia kwa futi. Miaka mitatu sasa vifimbo, miiko na michi midogo ya kitunguu saumu vinanilipia LUKU na ada. Sijawahi kutamani mashine kubwa, kupasua ni siku moja kwa mwezi, kukereza ni kila siku.

Ila kaka angalia kukausha. Huku kwetu ukavu wa mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja hauna huruma, gogo bichi ukiliacha wazi linapasuka ndani ya siku mbili, unasikia kabisa "ta!" usiku. Napaka rangi nzito kwenye ncha zote mbili, bakuli nalikereza nene kwanza, nalifukia kwenye maranda yake mwenyewe ndani ya mfuko wa karatasi miezi kadhaa, ndo namalizia. Na mninga na mpingo vumbi lake baya, mi mninga unanibana kifua, vaa barakoa ile ya kweli sio kitambaa. Glovu usivae kabisa, na wanawake wenzangu kanga iacheni nje.

Fundi Nkuhungu
Hapo kwenye glovu weka na mikono mirefu ya shati. Dada na mimi nakubaliana na wewe, ingawa kuna vijana hapa watasema tunaogopa kugeuza mashine.

Mpwapwa Kwetu
Sijasema kitu 😂 ila akitaka kitanda kizima sio miguu tu, atanikumbuka.

Mbao_Kavu
Asanteni sana wakuu, mzee shikamoo nimechelewa. Nimempigia jamaa, mota ni fezi moja kweli, mwendo wa chini anasema "ni wa kawaida". Nimeelewa. Naelekea kwenye ya kukereza peke yake, msumeno wa meza ntaona mwakani, kupasua nitapeleka kwa watu. Mama Vifimbo hiyo puli ya ngazi nne ulichongewa au ulinunua, na kitanda kina urefu gani?

Mama Vifimbo
Puli nilichongewa, kitanda futi nne na nusu, nilikosea ningeweka tano maana mguu wa kitanda cha kulala haukai vizuri. Jumamosi nipo, pita ukiwa unaelekea Moro. Uje na miwani yako, yangu kioo kimechubuka sioni hata patasi.