Linki inafungua nakala, programu inajua, na hakuna anayekwambia!

Wakuu, nina hasira na naomba mnisome hadi mwisho, maana najua siko peke yangu.

Juzi nimepoteza kazi ya saa sita. Kazini tuna jedwali moja la Excel tunalolijaza watu wanne, kila mmoja na sehemu yake, na linki yake tulitumiwa kwa barua pepe. Asubuhi nikaibonyeza, brauza ikaniuliza nifungue au nihifadhi. Nikachagua kufungua kwa sababu ndicho nilichotaka. Excel ikaja na ule utepe wa njano juu, wa kuonya kuwa faili limetoka intaneti, nikaruhusu kuhariri, nikaanza kujaza. Nilikuwa nasevu kila baada ya dakika kumi hivi, na kila nikisevu inakubali, bila onyo, bila swali. Jioni nikafunga Excel, nikafunga brauza, nikaondoka.

Jana mwenzangu ananiuliza mbona sehemu yako tupu. Nikambishia kabisa. Nikabonyeza linki ile ile mbele yake na kweli, hakuna hata namba moja niliyoweka. Nikaingia kwenye orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni, nikaliona faili langu, jina lile lile. Kulibonyeza, naambiwa halipatikani. Ndipo nikaisoma anwani yake vizuri: lilikuwa kwenye folda ya Temp, ya vitu vya muda, ambayo brauza yangu huisafisha ikifungwa. Saa sita nzima nilikuwa naandika kwenye nakala iliyokwishapangiwa kufutwa.

Nikamuuliza fundi wetu wa IT, nikasoma na mwenyewe, na hasira ikazidi. Linki ya kawaida, inayoanza na http, haifungui faili lililoko kwenye seva, yaani ile kompyuta inayotunza mafaili ya wote. Brauza inaomba, seva inatuma nakala, na Excel inapewa nakala hiyo. Ukitaka Excel iende yenyewe kwenye faili halisi na kusevu kule kule, linki inatakiwa ianze na ms-excel:ofe|u| halafu ndipo anwani ifuate (kwa Word ni ms-word), na seva nayo iwe inakubali kuandikiwa. Ukiweka ofv badala ya ofe, faili linafunguka kwa kusoma tu. Utaratibu huu upo tangu Office 2010 ilipopata sasisho la Service Pack 2, si kitu cha jana. Halafu kuna seva ambazo ukibonyeza linki hati inafunguka ndani ya brauza yenyewe, unaandika, na inajisevu. Kwa macho yangu mimi mtumiaji, zote tatu ni maandishi ya bluu yenye mstari chini. Nizitofautishe kwa kipi?

Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni hiki. Ule utepe wa njano hautokei kwa kubahatisha. Faili likipakuliwa kwenye Windows, brauza hulibandika alama iitwayo Zone.Identifier, na ndani yake ZoneId=3 maana yake limetoka intaneti. Word na Excel huisoma alama hiyo, ndiyo maana hulifungua kwanza kwa kusoma tu. Kinga hiyo siipingi, makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) zimeshaumiza watu wengi. Ila kwenye alama hiyo hiyo mara nyingi kuna mstari wa HostUrl, yaani anwani faili lilikotoka! Jaribuni wenyewe kwa faili mlilolipakua kwa Chrome au Edge: ingieni PowerShell, dirisha la amri la Windows, kwenye folda lilipo, andikeni Get-Content jinalafaili.xlsx -Stream Zone.Identifier, muone.

Kwa hiyo kompyuta inajua kuwa hii ni nakala. Inajua imetoka wapi. Inajua imekaa kwenye folda ya muda. Na ina utepe mzima wa kuandikia! Sentensi moja tu ingetosha: "Hii ni nakala, utakachosevu hapa hakitafika kwenye faili la awali." Hiyo haiandikwi. Naonywa kuhusu virusi tu, kisha naachwa nisevu zaidi ya mara thelathini mahali ambapo hakitabaki kitu.

Na si mambo mapya. Enzi za Internet Explorer hati ya Word iliweza kufunguka ndani ya dirisha la brauza kabisa, na nakala yake ikakaa kwenye Temporary Internet Files. Brauza hiyo ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022. Mtego umebaki.

Kuna na hili la zip. Mafaili ya docx (Word) na xlsx (Excel) kwa ndani ni zip, yaani furushi la mafaili mengi yaliyobanwa pamoja. Seva ikikosea kulitaja aina yake, kuna brauza zitakazolihifadhi kama zip, na mtu akilifungua anakutana na folda ya word (kama ni docx), folda ya _rels na kitu kinaitwa [Content_Types].xml. Mama mmoja wa idara ya jirani alidhani ameharibu hati ya watu, akakaa nalo siku nzima kwa woga. Kosa ni la aliyesanidi seva, lakini aliyekosa usingizi ni yeye.

Na tafadhali, msinijibu kwamba ningetumia Save As, yaani kulihifadhi faili upya mahali pengine. Save As ingeniokolea namba zangu, sawa, lakini ningebaki na faili la pili kwenye kompyuta yangu huku wenzangu watatu wakiendelea kuiona sehemu yangu tupu. Mtu aliyebonyeza "fungua" kisha "sevu" hajakosea popote.

Wasimamizi wa seva mliomo humu, nawaomba kwa dhati: kama faili ni la kujazwa na wengi, wekeni linki ya ofe au ifungukie ndani ya brauza. Kama ni la kusoma tu, andikeni pembeni ya linki neno "nakala". Ni neno moja.

Na anayejua namna ya kurudisha faili lililofutwa kwenye Temp baada ya kompyuta kuwashwa upya, aniambie leo, jedwali linatakiwa kesho asubuhi.