Rais wa Kenya akichaguliwa tena, kwa nini anaapa upya, na kwa nini Jumanne?

Daftari_la_Kura
Wadau, nisaidieni. Rais wa muhula wa pili yuko Ikulu tayari na aliapa miaka mitano nyuma. Kiapo kingine cha nini? Na hiyo tarehe inapigwaje hesabu?

Kifungu kwa Kifungu
Tarehe iko Kifungu cha 141 cha Katiba. Pasipo kesi ya kupinga matokeo, hesabu siku 14 tangu matokeo yatangazwe, kisha shika Jumanne inayofuata. Pakiwa na kesi, ni siku 7 baada ya Mahakama ya Juu kuthibitisha ushindi, halafu Jumanne inayofuata. Uhuru Kenyatta alithibitishwa 20 Novemba 2017. Siku ya saba ikawa Jumatatu tarehe 27, akaapa uwanja wa Kasarani tarehe 28.

Wengi hukosea kwa kurukia Jumanne ya kwanza baada ya hukumu. Mwaka 2013 hukumu ilitoka Jumamosi, 30 Machi. Anayerukia atakwambia 2 Aprili, kumbe siku ya saba ni tarehe 6 na kiapo kikawa tarehe 9.

Mahakama ikibatilisha, kama 1 Septemba 2017, hakuna wa kuapa. Kura hurudiwa ndani ya siku 60.

Wino Mweusi
Kuhusu kuapa upya: kiapo cha kwanza kilikuwa cha muhula wa kwanza. Muhula huanza siku ya kuapa (Kifungu cha 142), si siku ya kutangazwa. Tena usisahau Kifungu cha 134: tangu siku ya kura, hata rais aliye ofisini hawezi kuteua wala kufuta waziri, kuteua balozi, au kusamehe mfungwa. Akishaapa ndipo mamlaka hayo yanarudi.

Viapo vyenyewe ni viwili, viko Jedwali la Tatu la Katiba: cha utii kwa Jamhuri na cha utendaji kazi. Kutamka hakutoshi, lazima atie saini. Upanga anaokabidhiwa, ule mnaoupigia picha, ni ishara tu.

Daftari_la_Kura
Nimeelewa. Na lazima iwe uwanjani?

Kifungu kwa Kifungu
Uwanja si lazima. Lazima ni hadharani, mbele ya Jaji Mkuu, au naibu wake asipokuwepo. Sheria ya 2012 ya kuingia ofisi ya rais ikaongeza saa: kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ukijiuliza saa zinawahusu nini, kumbuka 30 Desemba 2007: Kibaki alitangazwa mshindi Jumapili na jioni hiyo hiyo akaapishwa Ikulu. Aliyetaka kupinga alikuta rais ameshaapa.